Mkaguzi Aliyefuata Kisu

Karwirwa hanywi chai kichinjioni. Ukiuliza wenye bucha wa Kianjai habari zake, hilo ndilo watakaloanza nalo, kabla hata ya kukwambia kwamba ni mkaguzi wa nyama wa kaunti na kwamba bila muhuri wake huuzi hata mkia. Hubeba uji wake kwenye thamosi, akaunywa amesimama kando ya pikipiki, akasuuza kifuniko kwa maji aliyokuja nayo mwenyewe. Nimeuza nyama miaka kumi na tisa na nimepitiwa na wakaguzi sita. Watano walianzia kwenye chai. Mtu akishakunywa chai yako, unajua mazungumzo yataingilia mlango gani. Huyu hakunipa mlango, nikaacha kubisha.

Ana miaka arobaini na mmoja. Kwao ni upande wa Maua, nyumba ya wakulima wa miraa wasiofuga hata mbuzi mmoja. Nyama alijifunza chuoni, Athi River, kama mtu anavyojifunza kushona. Enzi hizo wakaguzi walikuwa wakipangwa na serikali kuu, naye akapelekwa kule chini, Embu ya ukame, ambako alitembea kwa miguu kutoka kichinjio hadi kichinjio, visu viwili na muhuri mfukoni. Huko alikataa ng'ombe wa diwani, siku ya harusi ya binti wa diwani. Ini lilikuwa limejaa minyoo. Wageni walikula maharagwe. Miezi miwili baadaye akahamishwa, na kwa njia ya kuhamishwahamishwa hivyo ndivyo alivyotufikia sisi.

Kianjai amekaa miaka saba. Anasimamia vichinjio vinne: chetu cha sokoni, cha mtoni, cha njia panda, na cha kilimani. Kutoka cha kwanza hadi cha mwisho ni nusu saa kwa pikipiki barabara ikiwa kavu. Sheria inasema amwone mnyama akiwa hai, kisha amwone tena baada ya kuchunwa: ini, mapafu, tezi za shingoni. Akiridhika anapiga muhuri wa wino wa zambarau. Muhuri wenyewe ameufunga kwenye mshipi wa aproni kwa uzi wa nailoni, kwa sababu mkaguzi aliyemtangulia alikuwa akiuacha kwa mlinzi wa kichinjio na kwenda zake kulala. Sisi hatukulalamika. Biashara ilikwenda vizuri.

Mwezi wa kwanza mwaka jana, kaunti ikamletea simu.

Aliyeileta ni kijana nadhifu kutoka ofisini, Muchangi, mtu wa Runyenjes, aliyekuja kichinjioni na viatu vyeupe. Ndani ya simu kulikuwa na programu, na ndani ya programu kulikuwa na ramani ya vichinjio vinne vimeunganishwa kwa mstari wa kijani.

"Madam, hii itakurahisishia kazi," Muchangi alisema. "Wewe unafuata mstari tu. Mtoni, soko, njia panda, kilimani. Nimeipima, ndiyo njia fupi kabisa. Ukifika, unabonyeza hapa. Ukimaliza, unabonyeza hapa. Saa mbili na nusu uko huru."

"Na nisipomaliza saa mbili na nusu?"

"Unapoteza alama. Ofisi inataka themanini kwa mia kufikia mwisho wa mwezi wa tatu."

"Na nisipofikisha?"

Muchangi aliangalia viatu vyake, akahama kidogo kutoka kwenye mfereji wa damu. "Mkaguzi wa upande ule mwingine atachukua vichinjio vyako pia. Wewe utaletwa ofisini, kupokea fomu."

"Sikusomea kukaa," Karwirwa alisema. Akaitia simu mfukoni mwa aproni, upande usio na visu.

Hayo ndiyo yalikuwa mashindano yake: alama themanini, au kiti na fomu. Kila mtu kichinjioni aliyasikia, na wengine wetu tulianza kukisia kama atafikisha.

Kosa la ile ramani tungeweza kulisema siku hiyohiyo, lakini hakuna aliyeulizwa. Huku kwetu mnyama huchinjwa na Mwislamu. Wengi wetu ni watu wa kanisa, lakini nyama iliyochinjwa na Mwislamu inauzika kwa kila mtu, na iliyochinjwa na mwingine inauzika kwa nusu ya watu. Hakuna mwenye bucha atakayejifungia nusu ya mlango. Na kwa vichinjio vyote vinne mchinjaji ni mmoja, Abdishakur, mzee mwembamba aliyetoka Maua akaoa hapa, tunayemwita Maalim. Akitoka kwenye sala ya alfajiri anapanda bodaboda na kwenda alikoitwa. Anakoitwa ni wapi? Kwa aliyempigia simu kwanza. Basi kila asubuhi wenye bucha wanne tulikuwa tukishindana kumpigia Maalim, na kila asubuhi njia yake ilikuwa tofauti.

Kwa hiyo Karwirwa alifuata mstari wa kijani hadi mtoni saa kumi na mbili kamili, akabonyeza, akakuta mbuzi wanne wamefungwa wakitafuna majani. Maalim yuko kilimani. Akangoja. Simu ikaanza kulia ikimwambia amekaa mno. Akaenda soko; mbuzi wamefungwa. Akaenda njia panda. Alipofika kilimani, nyama ilikuwa imening'inia saa nzima na mwenye nyama anamtukana kimoyomoyo. Halafu ikabidi arudi mtoni. Wiki mbili za kwanza alipata alama arobaini na moja.

Murungi, mlinzi wa kichinjio cha mtoni, alimwonea huruma ya aina yake.

"Daktari," alimwambia, maana mkaguzi tunamwita daktari hata kama hana digrii, "si uniachie huo muhuri? Wewe ukae kilimani, mimi nikusaidie hapa. Nyama nazijua. Nimezila miaka mingi."

"Unajua tezi iliyovimba ikoje?"

"Nikiona kitu kibaya nitakupigia."

"Murungi, wewe ukiona kitu kibaya huwa unakikata na kumpa mbwa, halafu unauza kilichobaki."

Watu walicheka. Murungi alicheka kuliko wote, kwa sababu ilikuwa kweli.

Sasa nieleze langu. Mwezi wa pili, siku ya soko, nilikuwa na mbuzi wawili na mteja mmoja wa hoteli aliyetaka nyama yake kabla ya saa tatu. Karwirwa alimkagua wa kwanza, akapiga muhuri. Wa pili alikuwa bado anachunwa. Simu ikalia mara tatu. Akaitazama, akamtazama mbuzi, akasema, "Baba Gatwiri, huyu wa pili nitarudi kumwona. Asitoke hapa."

Sikuwa na nafasi ya kungoja. Muhuri mbichi hukubali kuhama: ukichukua paja lenye wino na kulibandika juu ya paja lisilo na wino, kama mtu anayefunga kitabu, alama inaingia. Kila mwenye bucha anajua hivyo. Nilifanya hivyo, mguu kwa mguu, nikawapakia wote wawili, nikamkata wa kwanza kwa ajili ya hoteli na kumtundika wa pili dirishani.

Saa nne Karwirwa alisimama mbele ya bucha yangu. Alikuwa amerudi kichinjioni na kukuta ndoano tupu. Wateja walikuwa watano au sita.

"Huyu alikaguliwa na nani?"

"Si ni wewe, Daktari?"

Aliinamia paja, akalitazama kwa muda, bila haraka yoyote. Kisha akafungua muhuri kutoka kwenye mshipi, akaupiga kwenye karatasi yangu ya kufungia nyama na kuishikilia kando ya paja. Alama mbili zilitazamana kama mtu na kioo chake.

"Mkono wangu umeanza lini kuandika kinyumenyume?"

Wateja walisogea kuangalia. Halafu wote wakacheka.

Yule mbuzi alikuwa mzima kabisa, nina hakika. Haikusaidia. Alimwagiwa rangi asiliwe na kuzikwa kwenye shimo la kichinjio, nami nikiwa nimesimama pale kama mfiwa. Karwirwa aliandika onyo, nikatia sahihi.

"La pili ni korti," alisema. "Na kule kurudi kwangu hapa leo kumeniondolea alama nne. Niko hamsini na mbili. Mwezi wa nne huenda ukakaguliwa na mwingine, utafute ujanja wa kumfaa huyo."

Alisema hivyo bila hasira, akapanda pikipiki.

Ni hapo nilipokaa na kupiga hesabu, na sikuipiga kwa wema. Karwirwa akiondoka, mkaguzi wa upande ule mwingine atakuwa na vichinjio tisa. Atafika kwangu adhuhuri. Nyama ya adhuhuri nitamuuzia nani? Hoteli zitakuwa zimekwisha kuweka maharagwe jikoni. Ujanja wa muhuri ulikuwa umenilia mbuzi mzima, na watu walikuwa bado wanacheka. Njia rahisi iliyobaki ni kumwezesha yule mwanamke afike kwa wakati. Na kilichomchelewesha hakikuwa simu wala pikipiki. Kilikuwa kisu cha Maalim. Kisu kikizunguka ovyo, muhuri utazunguka ovyo.

Nikaenda kwa Maalim alasiri. Nilimkuta kwenye duka la vitambaa la mkewe, Idil, ameketi kwenye mkeka.

"Baba Gatwiri!" alisema. "Nasikia mbuzi wako alisomeka kutoka kulia. Ungeniita nikusomee."

"Cheka, Maalim. Nimekuja na biashara."

"Wewe ukija na biashara mimi hushika mfuko kwanza."

Nikamwambia: asubuhi asiende kwa aliyepiga simu kwanza. Awe na njia moja inayojulikana, aanze mahali fulani, afuate mahali fulani, na mkaguzi amfuate nyuma yake. Alisikiliza, akaendelea kuchambua meno.

"Na mimi napata nini?"

"Unataka nini?"

Nilitarajia ataje kitu cha kuliwa, kichwa cha mbuzi au matumbo. Idil ndiye aliyejibu, huku akipima kitambaa cha mteja.

"Mwambie. Mwambie watu wake wanavyokufanyia."

"Simu," Maalim alisema. "Mnanipigia nikiwa msikitini. Imamu anasoma, simu yangu inalia. Nikiizima, mnampigia mtu wa bodaboda, naye anakuja kusimama mlangoni na kunikonyeza. Miaka kumi na miwili sijamaliza sala ya alfajiri kwa utulivu. Asipige mtu. Hilo ndilo nataka."

Nilikubali haraka, kabla hajafikiria jambo la gharama.

Wenye bucha wenzangu walikuwa kazi ngumu zaidi. Tulikutana kwangu, wanne, na Karwirwa akaja na thamosi yake. Nelius wa njia panda, mwanamke anayeuza nyama nyingi kuliko mimi na anayejua hivyo, alinianza kabla sijafungua mdomo.

"Unataka uwe wa kwanza siku zote. Umeuvalisha ujanja aproni nyeupe."

"Sijasema niwe wa kwanza."

"Basi sema uwe wa mwisho, tukuamini."

Tulivutana karibu saa nzima. Mwishowe tukakubaliana hivi: kichinjio ambacho soko lake ni siku hiyo ndicho kinachoanza, na vingine vinafuata jinsi barabara inavyokwenda. Kila mtu ana soko lake, kila mtu ana siku yake ya kuwa wa kwanza. Nelius alikubali akinung'unika, ndiyo desturi yake ya kukubali.

Kisha Karwirwa akaweka lake. Asubuhi hawezi kumwona mnyama akiwa hai, kisha angoje achinjwe, kisha angoje achunwe, mara nne. Kwa hiyo wanyama wote wawe zizini siku iliyotangulia, saa kumi alasiri, awapitie wakiwa wamesimama. Asubuhi atakuja nyuma ya Maalim kwa dakika arobaini, wakati wa kuchunwa, akute nyama imening'inia inamngoja. Atakayeleta mnyama baada ya saa kumi, mnyama huyo angoje kesho.

Hilo liliniuma, maana mbuzi wangu wazuri huwanunua jioni, wenye mbuzi wakiwa wamechoka.

"Saa kumi na moja, Daktari."

"Saa kumi."

"Saa kumi na nusu, na tusisikie tena habari zake."

"Saa kumi, Baba Gatwiri. Baada ya hapo nina wengine watatu wa kuwaona, na sikagui mbuzi kwa tochi."

Nimepatana bei na watu wagumu, wafugaji waliotembea siku mbili na hawana haraka ya kurudi. Najua sauti ya mtu ambaye bado ana kitu cha kupunguza. Yeye hakuwa nacho. Nikasema saa kumi.

Ilikwenda vizuri tangu siku ya tatu. Siku mbili za kwanza mtu wa kilimani alimpigia Maalim alfajiri kwa mazoea, na Maalim kwa makusudi akamfikia mwisho. Hakupiga tena. Karwirwa akawa anamaliza vichinjio vyote vinne saa mbili na dakika tano, saa mbili na dakika kumi.

Alama hazikupanda vya kutosha. Simu ilitaka aanze mtoni, na yeye alianzia palipo na soko, basi kila asubuhi ikamwandikia kwamba amepotea njia. Safari za alasiri iliziwekea rangi nyekundu na kuziita ziara za ziada. Wiki ya pili ya mwezi wa tatu alikuwa na hamsini na nane, na kazi yake ilikuwa imenyooka kuliko wakati wowote katika miaka saba.

"Rudi kwenye mstari wao wiki mbili hizi," nilimshauri. "Upate alama, halafu uendelee na wetu."

"Nikirudi kwenye mstari wao, nitaacha wanyama nyuma kama nilivyomwacha wako. Na wewe utabandika tena."

Nikamwambia singebandika. Akawasha pikipiki.

Muchangi alikuja mwenyewe kuona kwa nini mkaguzi mmoja anapotea njia kila siku. Safari hii alivaa buti za mpira. Ilikuwa siku ya soko kwetu. Karwirwa hakumweleza lolote. Alimwambia, "Leo twende kama simu inavyosema," akampakia nyuma ya pikipiki hadi mtoni. Mengine nimeyapata kwa Murungi, ambaye huyasimulia mpaka leo.

Walifika saa kumi na mbili kamili. Karwirwa akabonyeza simu, akamimina uji. Muchangi akasimama mbele ya mbuzi watatu waliokuwa wakimtazama.

"Karibu mkubwa," Murungi akasema. "Hawa ndio nyama."

Baada ya dakika ishirini Muchangi akauliza, "Mbona hamchinji?"

"Maalim yuko sokoni."

"Maalim ni nani?"

Murungi alimtazama kama mtu aliyeuliza jua ni nini. Akamweleza.

"Si mchinje nyinyi wenyewe?"

"Tuchinje sisi, halafu hoteli ya Waislamu iliyoko stendi inunue? Wewe nyama huwa unakula wapi, mkubwa?"

Muchangi akafikiri. "Hapohapo stendi," akasema.

Walikaa hadi saa moja na dakika ishirini, simu ikilia. Maalim alipofika, Muchangi alitoa simu yake akamtafuta kwenye orodha za kaunti. Hakumwona. Abdishakur si mfanyakazi wa kaunti, hana duka, hana bucha, na hakuna leseni inayomhusu. Aliyepanga ramani aliweka kila mlango uliosajiliwa, akamwacha mtu ambaye bila yeye hakuna mlango unaofunguka.

Kesho yake Muchangi alirudi, wakafuata njia yetu. Aliandika saa kila mahali kwa mkono, kwenye daftari. Kichinjio cha nne kilikwisha saa mbili na dakika nane.

"Mpangilio naweza kuubadilisha wiki hii," alimwambia Karwirwa. "Nitaweka njia ifuate siku za soko, na ziara ya alasiri ihesabiwe. Lakini alama za nyuma siwezi kuzigusa. Wakubwa wakiangalia wastani, hufikishi themanini hata ukifanya miujiza."

"Sikuomba uziguse. Andika ulichokiona."

"Nitaandika."

"Andika na jina la Maalim."

Mwezi wa tatu uliisha akiwa na sitini na sita. Barua ilikuja baada ya wiki mbili, na wiki hizo mbili Karwirwa alifanya kazi kama kawaida, ila niliona amepeleka visu vyake vyote viwili kunolewa, jambo ambalo mtu anayekwenda kupokea fomu hana haja nalo. Barua ilisema alama zake zihesabiwe upya kuanzia siku mpangilio ulipobadilishwa, na aendelee na kituo chake kwa miezi mitatu, halafu itaangaliwa tena. Hakuna aliyempongeza kwa maandishi. Mwezi wa nne alipata tisini na moja. Miezi mitatu ikapita, ikaangaliwa, akabaki. Nasikia vichinjio vya upande ule mwingine navyo sasa hupangwa kwa kufuata mchinjaji wao, na ofisini wanasema ni wazo la ofisi.

Mimi niliingia katika jambo hili ili nyama yangu itoke mapema, na inatoka mapema. Ila kuna kitu sikukipigia hesabu. Zamani, alipokuwa akikimbizana na ile simu, ini la mbuzi wangu alilitazama nusu dakika. Sasa muda anao. Juzi nilikuwa na fahali mmoja, mnono, aliyekuwa ameagizwa na shule. Karwirwa alilichana ini mara moja, akalichana mara ya pili, akaligeuza kwenye mwanga, akalichana mara ya tatu.

"Daktari, hilo ni ini, si barua," nilimwambia. "Saa ni moja na nusu tu, nenda njia panda wanakungoja."

"Nina dakika kumi na mbili," alisema bila kuinua macho. "Umenitafutia wewe mwenyewe."

Akakata kipande cha upande wa kushoto, akanionyesha mnyoo mmoja bapa kama jani, akalitupa ini lote shimoni. Fahali mwenyewe akampigia muhuri. Kisha akanawa mikono, akamimina uji wake kwenye kifuniko, akaunywa amesimama.